Wakaguzi wa madaraja ya reli wakija mtaani, tunadhani wamekuja kutubomolea

Jumanne moja mwezi uliopita nilikuwa nimekaa base, ile sehemu ya mtaa ambapo reli ya zamani inavuka mto, nikaona watu watano wakiteremka tutani na makoti yale ya kung'aa ya rangi ya machungwa. Mmoja alikuwa na nyundo ndogo. Mwingine kamera na ubao wa kuandikia. Kulikuwa na dada mmoja aliyebeba ufito mrefu wenye alama za vipimo, kama rula ya jitu. Na wa mwisho, ambaye ndiye aliyeleta shida yote, alikuwa na kopo la rangi ya kupuliza.

Kama umeishi kando ya reli Nairobi, sihitaji kukueleza rangi inamaanisha nini. Mtu wa serikali akija na rangi, kinachofuata ni alama ya X mlangoni, halafu notisi, halafu tingatinga. Dakika kumi hazikuisha, umati ukawa umejaa. Mama wa mandazi alizima jiko akaanza kupakia karai lake. Kijana mmoja wa nduthi akaapa kwamba hao si watu wa reli, ni wezi wa vyuma waliovaa vizuri. Mzee mwingine alitaka aonyeshwe barua ya korti kwanza ndipo mtu aguse kitu.

Kumbe walikuwa wanakagua daraja.

Yule wa nyundo, mzee wa makamo mwenye subira ya ajabu, ndiye aliyetupoza. "Sisi hatuna haja na nyumba zenu," akasema. "Tunaangalia kama hili daraja ni zima." Nikamuuliza wakishaangalia inakuwaje. Akasema wanaandika ripoti. Nikamuuliza ripoti inaenda wapi. Akatabasamu. "Inaenda ofisini, kijana yangu." Akarudi chini ya daraja kuendelea kugonga.

Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Wakenya tumebishana kuhusu reli kwa miaka zaidi ya kumi sasa, lakini mabishano yetu ni ya pesa na tenda tu. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilimeza takriban Sh327 bilioni, deni la China, nani alikula, mizigo iende kwa treni au malori. Sawa, hayo ni maswali halali na mimi mwenyewe nimeyapigia kelele mtandaoni. Ila daraja likishafunguliwa, utepe ukikatwa, brass bendi ikirudi kambini, jioni hiyo hiyo linaanza kuzeeka. Nani analiangalia? Mara ngapi? Na akipata ufa, ni nani analazimika kufanya kitu? Hapo sisi hunyamaza, kwa sababu hakuna video ya kusambaza.

Tuanze na tulicho nacho. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Kila mtoto wa shule anajua hadithi ya simba wa Tsavo, lakini wengi husahau walikuwa wanakula akina nani: watu waliokuwa wakijenga daraja la reli, mwaka wa 1898. Halafu kule juu, ukitoka kilele cha Mau ukishuka kuelekea Kisumu, reli inapita juu ya mabonde kwa madaraja marefu ya chuma yenye miguu kama ya buibui. Yalikuwa 27, na yaliundwa na kampuni ya Marekani, American Bridge Company, vyuma vikaletwa kwa meli. Ni kazi ya watu ambao hata wajukuu wao wamezeeka. Na treni ya abiria ya Kisumu ilirudi kwenye njia hiyo mwishoni mwa 2021, watu wakapiga selfi dirishani wakashangilia bei. Sikumsikia hata mmoja akiuliza hivyo vyuma viko hali gani. Mimi pia sikuuliza.

Upande wa pili kuna SGR, ambayo ni mambo ya zege. Madaraja marefu Tsavo ili ndovu wapite chini, na lile la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, takriban kilomita 6.5 hewani, twiga wakitembea chini yake kama hakuna kitu. Mpya, ndiyo. Lakini "mpya" ni neno la 2017 na 2019. Ukinunua simu mwaka wa 2017, leo utaiita mpya?

Na katikati kuna hizi za kwetu za kila siku: treni za mjini za kwenda Embakasi, Ruiru, Kikuyu, zinazopita kwenye reli ile ile ya zamani, baadhi yake zikiwa ni mitumba kutoka Uhispania. (Sina tatizo na mitumba, nguo nilizovaa nikiandika hii ni za Gikomba.) Njia hiyo inavuka mito ya Nairobi, mitaro ya maji taka, barabara na vichochoro. Mahali pengi chini yake kuna watu wanaishi, wanauza, wanalala.

Sasa, mkaguzi anafanya nini hasa? Mimi si mhandisi, chuo chenyewe niliachia njiani, lakini nimesoma na kuuliza kiasi cha kuelewa kwamba kazi hii ina akili nyingi kuliko inavyoonekana kutoka base.

Ile nyundo kwanza. Daraja la chuma la zamani halikuunganishwa kwa nati tu, lilishikwa kwa ribiti, vile vichwa vya mviringo unavyoona vimejipanga kama vifungo. Ribiti iliyokaza ikigongwa hutoa mlio mkavu, wa juu. Iliyolegea hutoa mlio mzito, na ukiweka kidole upande wa pili unasikia inacheza. Kuna ishara nyingine ya macho tu: kutu inayotiririka chini ya kichwa cha ribiti kama machozi. Hiyo inakuambia kwamba kuna vyuma viwili vinasuguana kila treni ikipita. Kutu ya kawaida juu ya bamba si balaa sana, rangi itaficha. Hatari iko kwenye maungio, mahali taka, majani na kinyesi cha ndege vinakusanyika na kushika unyevu, kwa sababu hapo chuma kinaliwa polepole na hakuna anayepaona bila kuingiza kichwa.

Zege lina lugha yake. Zege karibu lote lina nyufa, na mkaguzi hashtuki kwa sababu ya ufa. Anachotaka kujua ni kama ufa unakua. Ndiyo maana ya ile rangi iliyotutia baridi! Wanaweka alama mahali ufa unapoishia, wanaandika tarehe, wanapima upana kwa kadi yenye mistari. Wakirudi mwakani, kama ufa umeivuka alama, wanajua lipo jambo. Mafundi wa zamani walikuwa wakipaka plasta kidogo juu ya ufa na kuandika tarehe. Plasta ikipasuka, ukuta unatembea. Hakuna kompyuta, hakuna droni, na inafanya kazi mpaka leo.

Halafu kuna sehemu ambayo sikuwahi kuijua. Daraja halikai juu ya nguzo moja kwa moja kama ubao juu ya matofali. Kati yake huwa kuna vikalio, vya chuma au vya mpira mgumu, ili mhimili uweze kurefuka jua likiwaka na kurudi usiku bila kuisukuma nguzo. Vikalio vikijaa mchanga na takataka, vinagoma. Joto halina pa kwenda, nguzo inaanza kupasuka juu. Yaani takataka za mtaani, ile mifuko na matambara tunayotupa, zinaweza kuvunja zege. Hilo lilinifanya nitazame dampo letu dogo la kando ya nguzo kwa jicho lingine.

Lakini kinachoangusha madaraja mengi duniani si kutu wala ufa. Ni maji. Mto ukifurika unachimba mchanga kwenye miguu ya nguzo, msingi unabaki hewani. Na ubaya wake ni huu: mafuriko yakiisha, mto unarudisha tope na mchanga laini kwenye lile shimo. Ukija siku ya jua, unaona mto umetulia na nguzo imesimama kwenye udongo kama kawaida. Udongo huo haubebi kitu. Ndiyo kazi ya ule ufito wa yule dada. Alikuwa akiuchomeka chini kando ya nguzo, anauliza mto ulificha nini. Sisi tukadhani anapima umbali wa nyumba kutoka mtoni.

Na tusijifanye hiyo ni nadharia. Januari 1993, treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia mtoni usiku, sehemu inayoitwa Ngai Ndethya, baada ya mafuriko kuharibu daraja. Watu zaidi ya 100 walifariki. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa, na nikiuliza vijana wenzangu hakuna anayelijua jina hilo. Wazazi wetu wanalijua. Mathe aliponisikia nikilitaja alinyamaza kidogo, kisha akasema tu, "Hiyo ilikuwa mbaya." Dereva wa treni usiku haoni kama daraja lipo au halipo. Anaamini kwamba kuna mtu alitembea pale mbele yake.

Sasa nifike ninapotaka kufika, ambapo si daraja kabisa.

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, kilifagiliwa na maji. Watu zaidi ya 45 walikufa. Habari za kwanza zilisema ni bwawa limepasuka, na sote tukasambaza hivyo. Baadaye Wizara ya Maji ikasema si bwawa: ni njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ya zamani, iliziba kwa takataka za mafuriko, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka yakapasua.

Fikiria hilo polepole. Reli inapovuka bonde dogo, wajenzi hawaweki daraja, wanajaza udongo kuwa tuta na kuacha kalvati chini ili maji yapite. Kalvati ikifanya kazi, hakuna anayejua ipo. Ikiziba kwa magogo, mawe na tope, lile tuta linageuka bwawa. Ila bwawa la kweli lina mlango wa kumwagia maji yakizidi, lina mhandisi, lina mtu wa kupiga simu kwa walio chini. Tuta la reli halina hata kimoja cha hivyo. Ni rundo la udongo lililosimama mbele ya maji mengi usiku wa giza.

Haya, niambie: kati ya daraja la mbuga lenye picha nzuri na shimo la saruji chini ya tuta huko Mai Mahiu, ni lipi lingepata mgeni mwenye kamera? Ukaguzi wa reli ukitajwa, akili zetu zinaenda kwenye vitu virefu. Lakini kwa kila daraja kubwa kuna makalvati mengi yaliyofichwa na vichaka, hayaonekani kwenye treni, hayana jina. Kuyakagua hakuhitaji droni ya Uchina. Kunahitaji mtu mwenye gumbuti, panga na tochi, atembee, aingie, atoke aseme "hii imejaa nusu." Kisha kunahitaji mtu wa pili atakayetuma watu wa kuzoa. Huyo wa pili ndiye tatizo letu.

Zamani, wazee wa reli watakuambia, kulikuwa na gangi kwa kila kipande cha njia. Watu waliishi pale pale kando ya reli, wanatembea kipande chao kila siku, wanakaza, wanafyeka, wanajua kila kalvati kama mtu anavyojua mlango wa choo chake. Baadaye likaja ombwe. Reli ilidorora miaka ya tisini, ikakodishwa kwa Rift Valley Railways kuanzia 2006 hadi mkataba ukavunjwa 2017, kisha pesa na macho yote yakaenda SGR. Mtu akistaafu na hakuna aliyemfuata nyuma akijifunza, anaondoka na ramani iliyo kichwani mwake.

Kama unadhani hayo ni mambo ya Afrika, tazama Ireland. Agosti 21, 2009, sehemu ya daraja la reli la Malahide, kaskazini mwa Dublin, iliporomoka ndani ya maji muda mfupi baada ya treni ya abiria kupita. Hakuna aliyekufa, kwa sababu dereva aliona tuta linadidimia akapiga ripoti, treni nyingine zikasimamishwa. Lakini siku chache kabla, kiongozi wa maskauti wa baharini pale alikuwa amewapigia watu wa reli kuwaambia maji chini ya daraja yanaenda vibaya. Mhandisi alitumwa, akaangalia, akaona daraja ni zima, akaondoka. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba nguzo za daraja lile zilikaa juu ya rundo la mawe ambalo lilihitaji kuongezewa mawe mara kwa mara, na kwamba shirika lilikuwa limesahau. Si kwamba walipuuza. Waliojua walikuwa wameondoka, na maarifa yao hayakuachwa mahali ambapo anayekuja angeyakuta. Mhandisi alitazama kitu sahihi bila kujua anatafuta nini.

Nimelipenda tukio hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza, tunajua yote hayo, mpaka simu ya skauti, kwa sababu kuna kitengo huru cha kuchunguza ajali za reli kule na kiliandika ripoti ambayo hata mimi niliye mtaani Nairobi naweza kuisoma kwa bando la shilingi 50. Hapa kwetu ndege ikianguka kuna idara ya kuchunguza ajali za ndege, AAID, na ripoti zake hutolewa. Barabarani kuna NTSA, tuipende tusiipende. Kwa reli, wewe jaribu kukumbuka ni ripoti gani ya hali ya daraja umewahi kuona ikiwekwa hadharani. Sisemi hazipo. Niliwaona watu wakiziandika kwa macho yangu. Nasema zinaenda ofisini.

Kuna ripoti moja tu ambayo abiria huisoma bila kujua. Treni inapofika mahali fulani na kuanza kujikokota kama inatembea juu ya mayai, na wasee ndani wanaanza kuguna kwamba dereva analala, mara nyingi ni agizo: mtu alikagua, akaona kitu, akaandika treni zipunguze mwendo hapo mpaka kirekebishwe. Kama kipande hicho kimekuwa kikipitwa polepole kwa miezi, basi kuna ukurasa mahali unaosema kwa nini. Mimi ningependa kuusoma. Nalipa nauli, na zaidi ya hiyo, sote tunalipa ada ya maendeleo ya reli kwa kila bidhaa inayoagizwa kutoka nje tangu 2013, ambayo sasa ni asilimia 2. Simu yako, mitumba yako, betri ya nduthi, vyote vimechangia reli. Jina lenyewe la ada hiyo ni "maendeleo", na nadhani jina hilo limetudanganya kiasi: maendeleo kwetu ni kujenga kipya. Kuzoa tope kwenye kalvati ya mwaka wa 1900 hakuna waziri atakayekuja kukuzindulia.

Sababu ya pili ni yule skauti, na hapa nirudi mtaani.

Yule jamaa wa Malahide alipoona maji yanaenda vibaya, alishika simu. Hakuwa na cha kuogopa. Mimi nikiona ufa kwenye nguzo ya daraja letu, nikiripoti, ninaita nini? Ninaita watu wenye rangi. Wakija watakuta daraja lina ufa, ndiyo, lakini pia watakuta vibanda vilivyoegemea nguzo, choo kinachomwaga maji kwenye msingi, na nyumba za mabati ndani ya hifadhi ya reli. Ni nini rahisi kuondoa kwanza, ufa au mama wa mandazi? Mei 2024, baada ya yale mafuriko, serikali iliamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru watu wakiwa bado wanaanika magodoro yaliyolowa. Somo lilieleweka vizuri sana: usalama ukitajwa, funga virago.

Kwa haki, kuna wakati ilifanywa kwa utu zaidi. Kibera na Mukuru, mradi wa kuwahamisha watu waliokuwa kando kabisa ya reli, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ulijenga nyumba na vibanda vya biashara na ukuta wa kutenganisha reli na makazi. Ulichukua miaka na malalamiko hayakukosa, lakini mtu alihesabiwa kabla ya kuondolewa. Kwa hiyo inawezekana.

Na si wakazi wote ni malaika. Vyuma vya reli vinaibwa, tunajua, na tunajua vinauzwa wapi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti ya stima kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, kisha marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo huo. Nati moja ya daraja kwenye mizani ya skrepu ni bei ya chapati na chai. Kwa hiyo kijana wa nduthi aliyeshuku wale wakaguzi hakuwa mjinga. Kila mtu pale alikuwa na sababu nzuri ya kutowaamini watu watano waliovaa makoti mapya.

Lakini hebu ona hasara yake. Mkaguzi anakuja mara moja kwa kipindi, anakaa saa mbili, anaondoka. Sisi tuko pale kila siku. Mama wa mandazi anajua ni mwezi gani nguzo ilianza kutoa vumbi treni ya mizigo ikipita. Watoto wanaoogelea mtoni wanajua shimo liko wapi kando ya msingi, kwa sababu ndipo wanaporuka. Hata ule ufito wa vipimo hauwezi kujua kinachojulikana na mtoto wa miaka tisa. Na hakuna aliyetuuliza. Nasi hatukusema, maana tulikuwa tunahesabu hatua kati ya nyumba zetu na lile kopo la rangi.

Nilichokiona siku ya pili kilinimaliza. Niliamka mapema nikapita chini ya daraja. Mkaguzi alikuwa ameacha alama tatu za njano kwenye nguzo, mstari mfupi mwishoni mwa kila ufa na tarehe pembeni. Zote tatu zilikuwa zimesuguliwa usiku. Mtu alitumia msasa, au jiwe, na akafanya kazi safi kweli. Nimeuliza, hakuna anayejua ni nani, yaani kila mtu anajua. Timu ikirudi mwakani itakuta nguzo yenye nyufa na haitajua zilikuwa zinaishia wapi.

Nilikuwa na picha. Nilizipiga Jumanne hiyo nikitafuta ushahidi wa kubomolewa, sasa ndizo kumbukumbu pekee ya nyufa hizo nje ya hiyo ofisi. Nimeziweka kwenye barua pepe pamoja na ombi, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, la kupewa nakala ya ripoti ya ukaguzi wa daraja lile, na orodha ya makalvati ya njia yetu na tarehe ya mwisho kila moja kusafishwa. Sheria inawapa siku 21 kunijibu. Mama wa mandazi aliposikia aliniuliza kama nimeandika jina la mtaa. Nikamwambia ndiyo. Hajaniongelesha tangu juzi, na mandazi nanunua kwingine.

Leo ni siku ya tisa.